Ibara ya Tisa Niliiandika Mwenyewe

Kofi la wifi lilinikuta nimeinama kwenye sikio la kaka yangu.

Kaka alikuwa mahututi. Bomba kooni, kichwa kimefungwa bandeji, macho yamefumba kwa siku ya ishirini na nane. Na mimi, dada yake wa tumbo moja, nilikuwa nanong'ona:

"Kaka, nipe neno lako la siri. Neno moja tu…"

Paa! Shavu likawaka moto.

"Wewe mwanamke una roho gani?" Wifi alikuwa amenikazia macho, mfuko wa uji umemdondoka chini. "Mume wangu hajafa, we ushaanza kumwomba namba ya siri?"

"Wifi, sio hivyo unavyofikiri."

"Ni vipi basi?"

Nesi akaja mbio, akatutoa wote wawili hadi kwenye korido. Ndugu wa wagonjwa wengine walikuwa wananitazama kama wanatazama mwizi wa kuku.

Siwalaumu. Ningekuwa mimi nimekaa kwenye lile benchi, ningetazama hivyo hivyo.

Sasa ngojeni niwaeleze. Mkimaliza mnitukane mnavyotaka, ila someni mpaka mwisho.

Lile neno halikuwa la pesa. Lilikuwa la kumzuia kaka yangu asifutwe.

Afutwe wapi? Hapo ndo mtanicheka… kwenye gemu.

Cheka. Nimezoea.

Mimi ni mchapaji. Nina kiti changu kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, mkabala na mahakama. Nachapa mikataba, viapo, barua za kuomba kazi na za kuacha kazi, wakati mwingine za mtu yule yule ndani ya wiki moja. Miaka kumi na moja. Wanasheria wananiletea karatasi imejaa mikwaruzo, mimi naitoa imenyooka. Kidogo kidogo nikaanza kujiona na mimi mwanasheria. Hilo ndilo kosa la kwanza, liwekeni akilini.

Kaka yangu ni dereva wa gari la mkate. Anaamka kabla ya jogoo, anasambaza maduka arobaini, saa nne asubuhi yuko nyumbani ananukia kiwanda kizima. Mikate iliyovunjika ukingo anatuletea sisi. Nakaa nao, yeye na wifi na binti yao wa miaka sita. Chumba changu kiko uani.

Yeye ndiye aliyeniingiza kwenye gemu. Ni mchezo wa mataifa wa kwenye simu: mnakusanyika watu msiojuana, mnaunda nchi, mnachagua rais, mnatunga sheria, mnagombana na majirani. Kila mwananchi anapewa nyumba yake humo ndani, anaweka picha, barua, sauti, chochote.

Nchi yetu ya kwanza ilikufa kwa saa mbili. Jamaa mmoja aliokota akaunti za watu walioacha kucheza zamani, akazipigisha kura, akajipa urais, akauza ardhi yote. Tuliamka hatuna nchi. Msicheke jamani, watu wazima tulilia.

Tukaanza upya. Kaka akaipa jina: Jamhuri ya Mwavuli. Alisema mwavuli mmoja wakibanana vizuri unafunika watu wengi. Rais tukamchagua bwana mmoja mpole, kazi yake ya kawaida ni fundi wa lifti. Kaka akawa Waziri wa Habari, maana ana sauti… Mungu wangu, ile sauti.

Na katiba wakanipa mimi.

Niliiandikia nyumbani, kompyuta juu ya meza ya kupigia pasi. Kaka amekaa pembeni anavua soksi.

"Soma," akasema.

Nikasoma. "Ibara ya Tisa. Mwananchi aliyekaa kimya siku thelathini si mwananchi tena. Nyumba yake na vyote vilivyomo vitafutwa. Hakuna wa kumsemea."

Kaka akakaa na soksi yake mkononi.

"Na kama anaumwa?"

"Atume hata nukta. Nukta inamshinda?"

"Kuna watu nukta inawashinda, dada. Ongeza hapo: asiyeweza kusema, asemewe na ndugu yake."

Nikaongeza, kumridhisha. Alipokwenda kuoga nikafuta.

Aliporudi akaona. Akauliza kwa nini.

"Kwa sababu hao hao ndugu ndio watakaosemea wafu, halafu nchi iende tena. Umesahau?"

"Sijasahau. Ila kichwa chako ni jiwe."

"Jiwe ndo linajengea nyumba."

Akacheka. Kaka hagombani, hilo ndo tatizo lake. Mtu akicheka unadhani umeshinda.

Nikaendelea. Nyumba ya aliye kimya ifungwe siku ya saba, majirani wasiibe vitu. Aliyetolewa asisikilizwe tena. Kazi ya kuhesabu siku na kufuta nikaitoa mikononi mwa binadamu kabisa. Yule fundi wa lifti akatutengenezea programu, tukaiita Karani. Karani halali, hapokei zawadi, hana shemeji.

"Niachie mlango wa fundi," Rais aliniomba. "Hata lifti inao."

"Fundi ndiye mwizi wa kwanza," nikamjibu.

Kwa hiyo nikagawa ufunguo. Ili kumsimamisha Karani, maneno matatu ya siri lazima yaingizwe pamoja: la Rais, la mwandishi wa katiba na la Waziri wa Habari. Ukikosea mara tatu, basi. Na sura yote hiyo nikaifunga, isiguswe mwaka mzima, hata wananchi wote wakitaka. Nilijisikia kama nimejenga benki kuu.

Siku ya kuweka maneno, kila mtu lake kwa siri, kaka alinitania.

"Mwenzio ni dereva. Ufunguo wa akiba haukai ndani ya gari, wala nyumbani kwa dereva. Gari likiungua na nyumba ikiungua, utafanyaje?"

"Katiba hairuhusu kumpa mtu."

"Haya, mheshimiwa."

Katiba ikapita. Watu mia tatu na kumi na wawili, makofi ya vidole tupu kwenye skrini. Wakanibandika jina: Mama Katiba. Kusema kweli, lilinikaa vizuri.

Mtu wa kwanza kukatwa alikuwa mwanamke tuliyemwita Mama Pacha. Alikaa kimya siku thelathini na mbili. Alirudi nyumba yake haipo, akaanza kuandika kwenye lango la nchi, pale wageni wanapobisha hodi.

"Nilijifungua kabla ya wakati. Watoto wako kwenye mashine. Picha za mimba yangu zilikuwa kwenye ile nyumba, naomba tu zile picha…"

Nikamjibu mbele ya kila mtu:

"Pole, mama. Sheria ni msumeno."

Nikamfungia. Wananchi wakanisifu kwa msimamo. Siku ile kaka hakuja kula na sisi, alikaa ndani ya gari lake la mkate hapo nje, anaongea na simu.

Sasa mnajua msumeno unavyokata. Unakwenda mbele, halafu unarudi nyuma.

Miezi mitatu baadaye gari la mkate liligongwa ubavuni kwenye makutano. Simu yake ilisagika, kadi ndani. Kaka akapasuliwa kichwa, halafu koo. Daktari alituita mimi na wifi kwenye kiofisi chenye kalenda ya mwaka jana.

"Tunategemea ataamka," akasema. "Lakini mishipa ya sauti imeumia vibaya. Msitegemee aongee tena kama zamani."

Wifi akashika kona ya meza.

Nyumbani ilibaki sauti yake sehemu moja tu. Wifi anatumia kitochi, kisimu cha vitufe, hakina cha kurekodia. Mimi na kaka tulikuwa tunatumiana maneno humo humo Mwavuli. Na kila siku, kabla binti hajaenda shule, kaka, akiwa bado njiani na mkate, alikuwa anasoma taarifa ya habari ya Jamhuri na kuiweka kwenye nyumba yake. Zaidi ya mia moja zilikuwepo.

"Hii ni redio ya taifa, Jamhuri ya Mwavuli. Waziri wa Maziwa leo amegoma kunywa maziwa, serikali imetuma ujumbe wa biskuti…"

Waziri wa Maziwa ni binti yake. Alikuwa anasikiliza kwenye simu yangu huku namvalisha viatu, na maziwa yanaisha bila ugomvi.

Baada ya ajali aliendelea kusikiliza zile za zamani. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Sikunakili hata moja. Mawazo yote yalikuwa hospitali, na moyoni nilisema kaka ataamka kesho.

Siku ya saba binti akanirudishia simu.

"Shangazi, nyumba ya baba imefungwa."

Nikaangalia. Kufuli. Kufuli langu mwenyewe.

"Shangazi atafungua," nikamwambia. "Nakuahidi."

Nilimpigia Rais. Alikuwa juu ya lifti ya jengo fulani, nasikia vyuma vinagongana.

"Mama Katiba, sina mlango. Ulinikatalia mlango."

"Zima mashine yote basi."

"Nikizima zinafutika nyumba zote, mia tatu na ushee. Niwaambie nini hao watu?"

"Tupige kura."

"Sura imefungwa mwaka mzima. Umefunga wewe."

Akasema taratibu, wala hakunisimanga. Ningefurahi kama angenisimanga.

Basi ndo mkanikuta pale kitandani, siku ya ishirini na nane, namnong'oneza mgonjwa. Nilishamtajia hadi herufi moja moja, mkono wake ndani ya mkono wangu, nikisubiri auminye. A… Be… Che… Ule mkono ulikuwa na joto, basi, hakuna zaidi ya joto.

Kwenye korido nikamweleza wifi yote. Shavu bado linauma.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo sauti ya mume wangu imo humo."

"Imo."

"Na keshokutwa itafutwa."

"Ndiyo."

"Aliyeandika ifutwe ni nani?"

Nikatazama sakafu.

"Wifi, nakuuliza. Nani?"

"Mimi."

Hakunipiga tena. Aliinama akaanza kupangusa uji uliomwagika, na kitambaa chake cha kichwani. Nikamsaidia.

Ijumaa Rais akanipigia.

"Kaka yako alikuwa anapatana na nani sana humo? Labda kuna mtu alimdokezea."

"Hakuna."

"Mama Pacha je? Ulipomtoa, kaka yako alinisumbua siku nzima nimtafutie namba yake. Ninayo hapa."

Akanitumia. Nikaitazama ile namba. Nikaandika, "Habari yako, mama." Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta.

Nikamwambia Rais, "Aliyetolewa hasikilizwi. Ibara ya Kumi."

Huo ulikuwa uongo, na nyie mmeshaujua. Sikuogopa ibara. Niliona aibu. Ningeanzaje? Mtu aliniomba picha za mimba yake nikampa methali.

Jumamosi nilikuwa kazini. Ibara inasema saa sita kamili mchana. Bosi alikuwa ameniwekea viapo vitano, na kuna mzee wa nyumba ya kupangisha amesimama juu yangu anataka mkataba wake.

"Mpangaji asifuge mbwa," ananitajia. "Andika hapo."

Saa tano na nusu wifi akaingia na binti. Akavuta kiti pembeni yangu bila salamu. Rais alikuwa kwenye simu, nimeiweka spika. Akaingiza neno lake. Nikaingiza langu. Kikabaki kisanduku cha tatu.

"Jaribu jina tunalomwita mtoto," wifi akasema.

Nikaandika: Kidoti.

Karani akajibu: Si sahihi. Yamebaki majaribio mawili.

"Jaribu mkate."

Si sahihi. Limebaki jaribio moja.

"Mpangaji asifuge mbwa wala paka," mzee akaendelea.

"Mzee wangu, nisubiri kidogo."

"Nimekusubiri tangu saa nne."

Saa sita kasoro dakika nne. Tulifikiri kila kitu. Jina la mama yetu. Namba ya gari. Wifi akanitazama, akasema kwa sauti ndogo, "Wewe ndiye unamjua tangu tumboni. Chagua."

Nikachagua… jina alilokuwa akiniita nikiwa mdogo. Nilitaka liwe mimi, jamani. Nilitaka kaka awe amefungia mlango wake na jina langu.

Si sahihi.

Kisanduku kikawa cheusi.

"Shangazi, umefungua?" binti akauliza.

Tulikaa tunatazama saa ya ukutani. Sijawahi kujua kumbe ina kelele vile. Saa sita ilipogonga yakatokea maandishi, yale yale niliyoyachapa kwa mikono yangu:

"Mwananchi namba kumi na saba amekaa kimya siku thelathini. Nyumba imefutwa. Karani anakutakia siku njema."

Hayo ya siku njema niliyaongeza mimi. Niliona ni adabu.

Wifi akamshika mtoto mkono, wakatoka. Mzee akavuta kile kiti.

"Tulikuwa tumefika kwenye paka," akasema.

Nikachapa paka. Ningefanya nini?

Kaka aliamka siku ya thelathini na sita.

Aliamka kweli. Alitutambua wote, akamfinya binti pua. Alipofungua mdomo kusema, ikatoka pumzi tu. Akajaribu tena, ikatoka pumzi. Binti akamwambia, "Baba, sema kwa nguvu." Kaka akatikisa kichwa, akatabasamu, machozi yanaingia masikioni.

Wifi akamtoa mtoto nje. Nikabaki naye.

Nikamwambia. Kufuli, Karani, majaribio matatu, jina langu la utotoni. Sikuficha kitu. Nikamaliza nikangoja anikasirikie.

Akaomba kalamu kwa vidole. Nikampa, na nyuma ya fomu ya vipimo. Aliandika polepole, herufi zimelala kama za mtoto:

"Mbona hukwenda kwa Mama Pacha?"

Akaandika tena:

"Ufunguo wa akiba."

Nilitoka nikasimama kwenye ngazi za hospitali, nikapiga ile namba. Nyuma yake nilisikia watoto wawili wanalia kwa zamu.

"Nani mwenzangu?"

"Mimi… wa Mwavuli. Niliyekutoa."

"Nakusikia, Mama Katiba. Sema."

Nikasema yote, nimesimama pale pale. Hakunikatiza.

"Alinipa neno lake," akajibu nilipomaliza. "Siku ile ile uliponitoa. Alitafuta namba yangu anipe pole, akanitumia sauti. Alisema nikae nalo, hakuna ajuaye ya kesho."

"Ungenipa?"

"Ningekupa palepale. Kaka wa mtu yuko kitandani, ningekuuliza nini tena?" Akambembeleza mmoja wa watoto. "Kwa nini hukupiga, dada?"

"Niliona aibu."

"Ile sauti ninayo bado," akasema. "Nakutumia."

Ni sekunde arobaini na moja. Imerekodiwa ndani ya gari la mkate, nyuma mnasikika honi:

"Mama Pacha, pole sana. Usimchukie dada yangu. Ana moyo mzuri, ila kichwa chake ni jiwe, na jiwe likishakaa halijui limekaa juu ya nani. Neno langu la ufunguo ni hili: asemewe. Ni lile alilolifuta yeye. Kaa nalo wewe uliye nje, maana ufunguo wa akiba haukai ndani ya gari. Siku akikwama, atakuja kwako. Atakuja tu, namjua. Akija, mpe…"

Hapo inakatika.

"Atakuja tu, namjua." Kaka yangu alikosea jambo moja maishani, na jambo lenyewe ni mimi.

Wasomaji wangu, sina ushindi wa kuwamalizia nao. Kaka yuko nyumbani, anaandika kwenye daftari, gari la mkate analo dereva mwingine. Mama Pacha bado yuko nje ya Jamhuri. Siwezi kumrudisha, sura imefungwa miezi mitano zaidi. Juzi Karani katoa mwingine. Rais alinipigia; neno la tatu tunalo sasa, lakini kisanduku bado ni cheusi.

Ninachowaambia ni hiki. Kila anayeandika sheria, iwe ya nchi, ya kikundi, ya nyumba yako na watoto wako, anaiandika akiwa amekaa kwenye kiti, ana afya, ana sauti. Inuka kwenye hicho kiti. Nenda ukajilaze kwanza kile kitanda, na bomba kooni, halafu ujisomee ulichoandika. Na kama kuna mtu uliyemfungia mlango, mpigie leo, wakati humhitaji.

Zile habari zaidi ya mia moja zimekwenda. Kwenye simu yangu imebaki hiyo sauti moja.

Kila asubuhi nikimvalisha viatu, binti anaiomba. Kaka amekaa mezani na daftari lake, anasikiliza na yeye. Ikifika pale kwenye jiwe, mtoto anacheka mpaka maziwa yanamtoka puani.

"Shangazi, rudisha. Rudisha pale baba anapokusema."

Narudisha.